Kati ya Hisani na Deni: Historia ya Uwajibikaji wa Kampuni kwa Jamii Wilayani Mwanga, Tangu Mashamba ya Mkonge hadi Mwaka 2025

Ikisiri

Makala hii inachunguza uhusiano wa kampuni na mashirika ya umma, kwa upande mmoja, na jamii za Mwanga na Upare kwa jumla, kwa upande mwingine. Inaonesha kwamba kabla ya dhana ya uwajibikaji wa kampuni kwa jamii kufika katika sheria za Tanzania, Wapare walikuwa na utaratibu wao wa kudai mchango kutoka kwa kila anayenufaika na rasilimali ya wote. Utaratibu huo ulionekana katika ndiva na msaragambo, na msingi wake ulijitokeza tena katika mgogoro wa mbiru. Kwa kulinganisha utaratibu huo na huduma za mashamba ya mkonge, historia ya Bwawa la Nyumba ya Mungu na sheria ya madini ya mwaka 2017, makala inajenga hoja kwamba tatizo la msingi halikuwa uchache wa misaada. Tatizo lilikuwa kwamba kilichostahili kuhesabiwa kama deni kilitolewa kama hisani.

1.0 Utangulizi

Mjadala wa kitaaluma kuhusu uwajibikaji wa kampuni kwa jamii kwa kawaida huanzia Marekani. Bowen (1953) aliuliza mfanyabiashara ana majukumu gani kwa jamii inayomzunguka. Friedman (1970) alijibu kwamba jukumu la kampuni ni kuongeza faida ya wenye hisa, mradi isivunje kanuni za ushindani wa haki. Carroll (1991) aliupanga wajibu huo katika ngazi nne: wa kiuchumi, wa kisheria, wa kimaadili na wa kihisani. Pamoja na tofauti zao, wataalamu hawa wanaanza mahali pamoja, yaani ndani ya kampuni. Swali lao ni kampuni itoe nini. Jamii inaingia katika swali hilo kama mpokeaji.

Mtazamo huo umeenea pia Tanzania. Kampuni inapokabidhi madawati, mabati ya zahanati au mifuko ya saruji, tendo hilo huripotiwa kwa lugha ya ukarimu: kampuni "imeguswa", wananchi "wameshukuru". Lugha hii inaficha swali la kihistoria ambalo ni zito kuliko thamani ya madawati yenyewe: kabla ya msaada huo, kampuni ilichukua nini katika eneo hilo, kwa idhini ya nani, na kwa masharti gani?

Wilaya ya Mwanga ni mahali pafaapo kuliuliza swali hilo. Wilaya hii, iliyoundwa mwaka 1979 kwa kugawanywa iliyokuwa Wilaya ya Pare, ina milima ya Usangi na Ugweno yenye vyanzo vya maji, na tambarare kavu iliyopitiwa na reli, mashamba ya mkonge na, baadaye, bwawa la kuzalisha umeme. Rasilimali zake zimetumiwa na wawekezaji wa aina tatu: walowezi na kampuni za kikoloni, mashirika ya umma, na kampuni binafsi za kipindi cha soko huria. Kila aina ilikuja na maelezo yake kuhusu wenyeji watanufaika vipi.

2.0 Ndiva na Msaragambo: Deni la Anayetumia Maji

Kabla ya kampuni yoyote kufika, milima ya Upare ilikuwa na miundombinu iliyohitaji mtaji mkubwa wa nguvu kazi. Mifereji iliteremsha maji kutoka kwenye mito hadi mashambani, na ndiva, yaani malambo madogo yaliyojengwa kwa udongo na mawe, yaliyakusanya maji usiku ili yafunguliwe mchana. Bila ndiva, maji ya kijito kidogo yangepotelea mferejini kabla ya kulifikia shamba la mbali. Kwa kuyakusanya, watumiaji walipata mkondo wenye nguvu ya kutosha kwa saa chache, na kila kaya ilikuwa na zamu yake.

Miundombinu hiyo ilihitaji matunzo ya kila msimu: kuondoa tope, kuziba nyufa, kusafisha mifereji. Kazi hiyo ilifanywa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja iliyoitishwa kwa mbiu na kuwahusu wote. Msaragambo ulihusu pia njia, na baadaye ujenzi wa shule. Jambo la kuzingatia ni kwamba haukuwa hiari kwa maana ya kutoa ukipenda. Aliyekosa kuhudhuria bila sababu alitozwa faini, na aliyekaidi aliweza kuikosa zamu yake. Mchango wake haukupimwa kwa ukarimu wa moyo wake. Ulidaiwa kwa kuwa alitumia maji.

Haifai kuupamba utaratibu huu kupita kiasi. Koo zilizoasisi mfereji zilikuwa na kauli kubwa kuliko wageni. Sheridan (2002), katika utafiti wake kuhusu Upare ya Kaskazini, ameonesha jinsi umwagiliaji ulivyofungamana na mawazo ya jinsia na mamlaka, hata wanawake wakawekwa mbali na baadhi ya sehemu zake. Hata hivyo, ndani ya mipaka hiyo, kanuni ilikuwa wazi: haki ya kutumia na wajibu wa kutunza vilikwenda pamoja, wajibu ulijulikana kabla ya matumizi, na waliouhakiki ni watumiaji wenyewe. Kanuni hizi tatu ndizo zitakazotumika katika makala hii kuwapima wawekezaji waliofuata.

3.0 Mkonge: Huduma kwa Nguvu Kazi

Mkonge uliingizwa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1893 na Richard Hindorf. Reli iliyoanzia Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, ikipita tambarare ya Upare kupitia Same. Kandokando yake ilitwaliwa ardhi ya mashamba makubwa, na mkonge ukawa zao lililoitambulisha tambarare hiyo, kuanzia Ndungu upande wa Same hadi Kisangara katika Mwanga ya leo. Kimambo (1991) ameeleza jinsi kuingia kwa uchumi wa dunia kulivyobadili uhusiano wa milima na tambarare: ardhi ya chini, iliyokuwa ya malisho, uwindaji na kilimo cha msimu, ikawa mali yenye hati na mpaka.

Wapare wengi wa milimani walikuwa na njia nyingine za kupata fedha, zikiwemo kahawa na ajira zilizotokana na elimu ya misheni. Walutheri wa Leipzig walikuwa wamejikita Upare ya Kaskazini, na Waadventista walifika Upare ya Kusini mwaka 1903. Kwa hiyo mashamba ya mkonge nchini yaliwategemea sana manamba, yaani vibarua wa mkataba waliosafirishwa kutoka mbali. Mwaka 1944 wakulima wakubwa wa mkonge waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU.

Ni katika mazingira haya ndipo huduma za jamii za kampuni zilipoanza kuonekana. Sheria ya waajiri na watumishi ya mwaka 1923 na kanuni zake ziliwataka waajiri kuwapa vibarua wa mkataba makazi, chakula na matibabu. Kambi zikapata nyumba za safu, posho na zahanati. Inashawishi kuziona huduma hizo kama chimbuko la uwajibikaji wa kampuni kwa jamii nchini, lakini tafsiri hiyo inahitaji tahadhari. Walengwa wake hawakuwa majirani waliopoteza ardhi. Walikuwa vibarua ambao afya yao ilihitajika ili kipande kijae na singa zifike kiwandani. Kijiji kilicho ng'ambo ya mpaka wa shamba hakikuwa na dai lolote katika hesabu hiyo, hata kama mkonge ulisimama mahali ambapo mifugo yake ililisha.

Udhaifu wa pili ulijitokeza soko lilipobadilika. Tanganyika na Zanzibar zilipoungana mwaka 1964, uzalishaji wa mkonge ulikuwa umefikia kilele cha takriban tani 230,000. Bei ilianguka baada ya hapo, nyuzi za viwandani zilipochukua nafasi ya singa. Baada ya Azimio la Arusha, sehemu kubwa ya mashamba ilitaifishwa mwaka 1967. Mwishoni mwa miaka ya 1980 uzalishaji wa taifa ulikuwa chini ya tani 40,000. Huduma zilizofungwa kwenye mapato ya shamba hazingeweza kudumu kuliko mapato hayo. Ndiva iliharibika watu walipoacha kuitunza, lakini zahanati ya kampuni ilikuwa hatarini kila bei iliposhuka London, na wagonjwa wake hawakuwa na kauli juu ya lolote kati ya hayo.

4.0 Mbiru: Nani Mwenye Haki ya Kukadiria?

Tukio lililoweka wazi fikra za Wapare kuhusu michango ya umma halikuhusu kampuni, bali kodi. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 mamlaka ya wenyeji, kwa kuungwa mkono na serikali ya kikoloni, ilianzisha kodi iliyopandishwa kulingana na mali ya mlipaji. Kodi hiyo ilipewa jina la mbiru, kutokana na ushuru wa kale uliotolewa kwa watawala. Kimambo (1971) ameeleza jinsi maelfu ya Wapare walivyoandamana hadi makao makuu ya wilaya, Same, mwaka 1945 kuipinga. Mgogoro ulifika Usangi, ambako mwaka 1946 wanawake nao walijitokeza kupinga. Hatimaye kodi hiyo iliachwa.

Kwa mtazamo wa juu, waandamanaji walikuwa wakipinga kodi ya kimaendeleo, kwa kuwa aliye nacho angetozwa zaidi. Hoja yao ilikuwa tofauti. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kukadiriwa mali zao na watu wasioweza kuwahoji, kwa kipimo ambacho hawakushirikishwa kukiweka. Jina lenyewe lilizidisha tatizo, kwa sababu lilirudisha ushuru wa kale bila kurudisha masharti yaliyouambatana.

Umuhimu wa mbiru kwa mada hii ni kwamba inapanua kanuni ya msaragambo kutoka mferejini hadi katika siasa. Kukadiria ni mamlaka. Anayeamua nani atoe kiasi gani, na kwa ajili ya nini, ndiye anayetawala uhusiano huo, hata kama fedha zinatumika kwa jambo jema. Swali hili huulizwa mara chache katika mipango ya misaada ya kampuni, ambako mtoaji mwenyewe ndiye huamua kiasi, mradi na siku ya makabidhiano.

5.0 Nyumba ya Mungu: Maji Yanayoonekana

Mfano mzito zaidi ni Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960 mahali panapokutana maji ya Mto Kikuletwa, unaotoka upande wa Meru na Kilimanjaro, na Mto Ruvu, unaotoka Ziwa Jipe. Mtambo wake una uwezo wa megawati 8 tu. Kazi yake kubwa ilikuwa kuhifadhi maji na kuyaachia kwa mpangilio ili yaendeshe mitambo iliyo chini ya Mto Pangani: Hale, wenye megawati 21, na baadaye Pangani Mpya, wenye megawati 68, uliokamilika mwaka 1995. Kwa maneno mengine, ardhi ya Mwanga na jirani zake iligeuzwa ghala la maji kwa ajili ya umeme uliozalishwa mkoani Tanga na kuingizwa katika gridi ya taifa.

Inaweza kupingwa kwamba Shirika la Umeme Tanzania, TANESCO, ni shirika la umma, hivyo halipaswi kuingizwa katika historia ya kampuni. Pingamizi hilo halizingatii hali halisi ya Tanzania baada ya mwaka 1967, ambapo kampuni kubwa zilikuwa mali ya umma. Katika kipindi hicho dhana ya wajibu wa kampuni kwa jirani ilimezwa na dhana ya maslahi ya taifa. Shirika lilipokuwa la wananchi wote, kijiji kimoja kilikosa nafasi ya kulidai chochote kwa jina lake chenyewe. Faida iligawanywa kitaifa, lakini gharama ilibaki mahali ilipoanzia.

Bwawa halikuleta hasara tupu. Lilizaa uvuvi ambao haukuwepo, na vijiji kama Lang'ata na Kagongo vilikua kwa samaki. Wavuvi walitoka sehemu mbalimbali za nchi, na mapema miaka ya 1970 mavuno yalikuwa makubwa kabla hayajapungua. Hata hivyo, faida hiyo ilikuwa tokeo la pembeni. Chini ya bwawa, mafuriko ya msimu yaliyolisha Kinamasi cha Kirua yalipungua, na pamoja nayo uvuvi na kilimo vilivyoyategemea.

Juu milimani, mgogoro ulikuja kwa njia ya sheria. Bonde la Pangani lilipata ofisi yake ya maji mwaka 1991, na vibali na ada vikaanza kudaiwa kwa watumiaji wakubwa na wadogo. Lein (2004), akiandika kuhusu miteremko ya Kilimanjaro katika bonde hilohilo, ameonesha jinsi wakulima wa mifereji walivyokuja kuonekana kama wapotevu wa maji yanayohitajiwa na mitambo ya umeme. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 imezitambua jumuiya za watumia maji, hatua inayokaribia fikra ya msaragambo. Lakini kihistoria mpangilio ulikwisha kugeuzwa. Mwenye mfereji uliojengwa na babu zake sasa alikuwa mwombaji wa kibali. Jirani wa bwawa, ambaye ardhi yake ilibeba ghala lote, hakuwa na hati inayosema anadai nini.

Kipimo cha jambo hili ni maji ya bomba. Kwa miongo mingi wakazi wa tambarare ya Mwanga na Same waliishi na uhaba wa maji huku bwawa likiwa ndani ya upeo wa macho yao. Mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochukua maji Nyumba ya Mungu, ulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Machi 2025. Bwawa na bomba vinatenganishwa na zaidi ya nusu karne. Katika kipindi hicho maji hayakukosekana. Kilichokosekana ni utaratibu uliosema kwamba anayehifadhi maji hapa anadaiwa, tangu siku ya kwanza, sehemu ya maji hayo.

6.0 Soko Huria na Kurudi kwa Hisani

Mageuzi ya uchumi yaliyoanza katikati ya miaka ya 1980 yalipunguza uwezo wa serikali kugharimia huduma. Upare haikuanza upya. Samoff (1987) ameonesha jinsi jamii za Kilimanjaro zilivyotangulia katika kujenga shule za sekondari kwa juhudi zao, na Mwanga ilikuwa sehemu ya mkoa huo. Benki ya jamii ya Mwanga nayo iliundwa kwa mitaji ya wenyeji, ikaja kuunganishwa mwaka 2020 na taasisi nyingine mbili kuwa Benki ya Mwanga Hakika. Wilaya pia ilikuwa na sauti serikalini: Cleopa Msuya, mwenyeji wa Usangi na mbunge wa Mwanga, alikuwa Waziri Mkuu mara mbili, 1980 hadi 1983 na 1994 hadi 1995. Mafanikio hayo ya michango na ushawishi yalikuwa na athari moja isiyokusudiwa. Yaliwazoesha watu kutafuta maendeleo kwa wenyeji waliofanikiwa na kwa viongozi wao, si kwa watumiaji wakubwa wa ardhi na maji yao.

Kisheria, mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2017, Sheria ya Madini ya mwaka 2010 iliporekebishwa. Kifungu cha 105 kinamtaka mmiliki wa leseni ya madini kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii uliokubaliwa pamoja na mamlaka ya serikali ya mtaa. Halmashauri nayo inatakiwa kuandaa miongozo, kusimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi. Kwa vigezo vya makala hii, sheria hiyo inarejesha kanuni mbili kati ya tatu: wajibu unajulikana mapema, na anayetumia rasilimali hakadirii peke yake.

Hata hivyo, sheria hiyo ina mipaka miwili inayoonekana vizuri kutoka Upare. Kwanza, inahusu madini. Mchimbaji wa jasi wa Makanya, wilayani Same, yumo ndani ya utaratibu huo, lakini mwenye shamba kubwa au mtumiaji mkubwa wa maji hawajibiki kwa kifungu hicho. Halmashauri hutoza kampuni ushuru wa huduma, lakini huo ni mapato ya jumla, haumfuati jirani aliyebeba gharama. Pili, kanuni ya tatu, yaani uhakiki wa watumiaji wenyewe, imekabidhiwa halmashauri. Wilaya yenye milima, tambarare na kingo za bwawa ina maslahi yanayopingana, na kura za madiwani wengi haziwezi kuwa mbadala wa kauli ya kijiji kimoja kilichotoa ardhi yake.

7.0 Hitimisho

Historia ya Mwanga haionyeshi jamii iliyosubiri kampuni ije kuifundisha kuwajibika. Inaonesha jamii iliyokuwa na utaratibu wa kudai, na wawekezaji waliofuatana ambao, kila mmoja kwa sababu zake, waliishi nje ya utaratibu huo. Shamba la mkonge lilihudumia nguvu kazi yake na kumwacha jirani. Bwawa lilihudumia taifa na kumwacha jirani. Mipango ya hiari ya siku hizi inamfikia jirani, lakini kama mpokeaji.

Kwa watafiti, hitimisho hili linadai mabadiliko ya mbinu. Tathmini zinazohesabu vyumba vya madarasa na visima vilivyotolewa hazitoshi, kwa sababu hazina upande wa pili wa daftari. Tathmini ya kihistoria ianze na hati za ardhi, vibali vya maji na mikataba, ionyeshe kilichochukuliwa na kwa idhini ya nani, kisha ndipo ihesabu kilichorudishwa. Kwa watunga sera, swali si kama kifungu cha 105 kipanuliwe hadi kwenye sekta za ardhi na maji tu, bali pia kama kijiji chenyewe, na si halmashauri pekee, kipewe nafasi ya kuhakiki.

Pingamizi moja linabaki na lina uzito. Wajibu uliowekwa kisheria unaweza kumfukuza mwekezaji, au kuzima ukarimu ambao ungetolewa bila kulazimishwa. Msaragambo unatoa jibu la sehemu. Faini haikuwafanya watu wayahame maji, kwa kuwa waliyahitaji, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake naye anadaiwa. Kama jibu hilo litawatosha wawekezaji wanaoweza kuhamisha mitaji yao kwenda penginepo ni jambo la kuthibitishwa kwa utafiti. Lakini ardhi ya Kisangara na maji ya Nyumba ya Mungu hayahami, na anayeyataka hana budi kuja yalipo.